Giaboksi Inakwaruza? Isikilize Kabla Hujaishusha

Hiace moja ya abiria inayopiga njia ya Mtwara na Masasi ililetwa kwangu ikiwa imeshahukumiwa. Dereva alikuwa na karatasi ya hesabu mfukoni: giaboksi ya mtumba kutoka Dar es Salaam, nauli ya kuipakia kwenye basi, kazi ya kushusha ya zamani na kupandisha nyingine. Fundi wa kwanza alishamwambia giaboksi imekwisha, na mwenye gari alishaanza kutafuta hela. Nikamuuliza dereva, "Inakwaruza wakati gani?"

"Wakati wote, fundi. Gia zote."

Nikazima injini. Nikakanyaga klachi, nikapitisha gia ya kwanza hadi ya tano, kisha rivasi. Zote zikaingia laini. Nikawasha injini nikarudia: ya kwanza ikalia krrr, ya pili ikagoma, na rivasi ikapiga kelele hadi watu wa dukani jirani wakageuka. Sikuhitaji kusikia zaidi. Gia zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, halafu zote zikakwaruza injini ikiwaka, mara nyingi giaboksi haina kosa. Klachi ndiyo haikati, yaani haiitenganishi injini na giaboksi. Tukalala chini kuangalia: silinda ya chini ya klachi, ile iliyo kwenye giaboksi inayosukuma uma wa klachi, inavuja, na mpira wake wa vumbi umelowa mafuta ya breki, ambayo klachi nayo huyatumia. Tukabadilisha raba, tukatoa upepo, na jioni ile ile gari ikarudi stendi kupakia.

Hela iliyoandikwa kwenye karatasi ile ingetosha ada ya mtoto. Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na spea ikija siyo, inarudi kwa basi lile lile huku gari imekaa juu ya mawe wiki nzima. Ndiyo maana nawaomba madereva na vijana wanaojifunza ufundi: kabla ya kufungua bolti hata moja, jueni sauti inatoka wapi. Majaribio mengi nitakayoeleza hayahitaji spana. Yanahitaji mguu, sikio na dakika kumi za utulivu.

Sauti mbili tofauti, jina moja

Watu husema "inakwaruza" kwa mambo mawili ambayo hayana undugu. La kwanza ni ile krrr inayotokea wakati unaingiza gia na kuisha gia ikishaingia au ikishakataa. Hapo meno yanagongana kwa sababu yanazunguka kwa kasi tofauti. La pili ni sauti ya kusaga au kuunguruma inayoendelea, gia ikiwa imeshaingia au gari ikiwa fri. Hiyo mara nyingi ni beringi au meno yaliyolika. Ukimwambia fundi "inakwaruza" bila kumweleza ni ipi kati ya hizi, umemwachia abahatishe.

Ndani ya giaboksi, gia za mbele zimeshikana wakati wote; huwa hazisogei zikatafutana kama wengi wanavyodhani. Kila gia inazunguka bure juu ya shafti yake hadi pete kubwa inayosukumwa na liva iteleze na kuifunga na shafti. Kabla pete haijafunga, pete ndogo, mara nyingi ya shaba njano, inajibana kwenye shavu la gia na kulisugua mpaka vyote viwili vizunguke kwa kasi moja. Kazi hiyo ndiyo sinkronaiza. Sasa, ikiwa klachi haijakata, injini inaendelea kuizungusha shafti ya kuingilia, na pete ile ndogo haiwezi kushindana na injini. Ikiwa klachi imekata lakini pete imelika, nayo haiwezi kusugua. Sauti inakuwa moja, chanzo ni viwili, na gharama zake hazikaribiani.

Kwa hiyo angalia mambo matatu, ukiweza uyaandike. Mguu uko kwenye klachi au haupo? Gari imesimama au inatembea? Ni gia ipi? Toka mahali penye kelele za soko, teremsha vioo, zima redio na feni.

Gari imesimama, gia iko fri, mguu haupo kwenye klachi

Injini inapowaka hivi, shafti ya kuingilia na shafti ya chini zinazunguka. Ukisikia kusaga, kanyaga klachi taratibu hadi mwisho na usubiri sekunde chache. Sauti ikinyamaza, ikarudi ukiachia, basi inatoka kwenye kitu kinachozunguka pamoja na shafti hizo: beringi ya mbele ya shafti ya kuingilia, au beringi za shafti ya chini. Usikimbilie kufungua. Kwanza angalia oili. Giaboksi yenye oili pungufu hulia hivi hivi, na nimeona zikinyamaza baada ya kujazwa hadi kipimo. Ila beringi ikishasagika, oili mpya haitairudisha, na hapo kushusha hakuepukiki.

Tahadhari moja kwa wenye Canter na pikapu za dizeli. Injini ya dizeli kwenye silensa, yaani ikiwaka bila kukanyagwa moto, hutikisa meno ya gia, nayo hugongana kidogo kidogo. Hiyo ni sauti ya kutatarika, siyo ya kusaga, na hupotea ukikanyaga klachi. Ikiwa silensa imeshuka sana huzidi. Rekebisha silensa kabla hujaanza kuhangaika na giaboksi.

Sauti inakuja ukikanyaga klachi

Hapa mambo yanageuka. Kimya ukiwa umeachia, kelele ukikanyaga: mshtakiwa wa kwanza ni rilisi beringi, ile inayosukuma vidole vya presha pleti, bati linaloibana klachi pleti. Mara nyingi huanza kulia pale tu mguu unapoanza kubonyeza, hata gia ikiwa fri. Kama haisikiki hapo, bali inasikika ukiwa umekanyaga hadi mwisho, umeweka gia ya kwanza na gari imesimama, fikiria pailoti beringi iliyo katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Wakati huo flaiwili inazunguka na ncha ya shafti imesimama, kwa hiyo beringi hiyo ndipo inafanya kazi. Gari nyingi za kuvuta kwa magurudumu ya mbele hazina pailoti beringi kabisa, hivyo usiitafute isipokuwepo.

Rilisi beringi huuawa na mazoea. Dereva anapumzisha mguu juu ya klachi kutoka Mnazi Mmoja hadi Ndanda, au anapanda ngazi ya Newala nyuma ya lori la korosho na kuishikilia gari kwenye mlima kwa nusu klachi badala ya hendibreki. Beringi iliyotengenezwa kufanya kazi sekunde chache inafanya kazi saa nzima. Ukifika hatua ya kuibadilisha, giaboksi itashuka kwa vyovyote, kwa hiyo badilisha na klachi pleti na presha pleti kama zimechoka, na pailoti beringi kama ipo. Kushusha mara mbili ndani ya miezi sita ni kulipa kazi moja mara mbili.

Gia zote zinakwaruza kuingia

Hili ndilo tatizo linalowapoteza watu wengi zaidi, na ndilo lililomkuta yule dereva wa Hiace. Rudia jaribio lake: injini imezimwa, pitisha gia zote. Zikiingia laini, washa na urudie. Zikikwaruza zote, tafuta sababu ya klachi kutokata, ukianzia juu kwenye pedali na kushuka chini.

Anza na kapeti. Nasema hivi kwa dhati. Gari nyingi za biashara zina kapeti juu ya kapeti, na mpira mgumu juu yake, kwa sababu ya matope na mchanga. Pedali ikigota kwenye kapeti sentimita mbili kabla ya mwisho, klachi haitakata. Toa vyote, jaribu tena.

Kisha angalia kichupa cha mafuta ya klachi. Kwenye gari nyingi ni kidogo, kiko karibu na cha breki, na nyingine hutumia kichupa kimoja na breki. Kiwango kikiwa kimeshuka, mafuta yameenda mahali. Piga pedali mara tano sita harakaharaka, kisha ingiza gia. Ikiingia bila kelele, tatizo liko kwenye mfumo wa mafuta: ama kuna upepo ndani, ama raba za silinda zimechoka. Silinda ya chini ikivuja utaona unyevu kwenye mpira wake wa vumbi pale kwenye giaboksi. Silinda ya juu ikivuja, mafuta huingia ndani ya gari, yakatambaa kwenye ukuta nyuma ya pedali. Lakini silinda ya juu inaweza pia kushindwa bila kuvuja nje hata tone. Hapo utaona ukiishikilia pedali chini kwenye taa, gari inaanza yenyewe kuvuta mbele polepole, kwa sababu mafuta yanapita kando ya raba ndani kwa ndani.

Sisi tulio karibu na bahari tuna adui wa ziada. Pikapu zinazobeba samaki kutoka ufukweni hudondosha maji ya chumvi safari nzima, na maji hayo hutiririka kwenye silinda ya chini, kwenye uma wa klachi na viungo vyake. Nimefungua silinda ambazo ndani zimeliwa na kutu hadi raba mpya haidumu mwezi. Kama ukuta wa ndani wa silinda una vishimo, usiweke raba. Nunua silinda nzima. Na gari ya samaki ioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi kila siku, siyo bodi peke yake.

Kwa gari zenye kebo, kama Kirikuu nyingi, angalia kebo imelegea au imeanza kukatika nyuzi. Pima uhuru wa pedali: inatakiwa iende kidogo tu, sentimita moja mbili hivi, kabla hujahisi mzigo. Ikienda bure hadi katikati, kaza kebo kwenye nati yake. Usiikaze hadi uhuru uishe kabisa, maana hapo klachi itaanza kuteleza na rilisi beringi haitapumzika.

Kuna chanzo kingine ambacho nakiona sana kwa gari za wakulima. Gari inatumika msimu wa korosho, kisha inaegeshwa chini ya mwembe na mvua zote zinaipitia, kuanzia Desemba hadi Aprili. Siku ya kuwashwa, klachi pleti imeshikana na flaiwili kwa kutu, au imegoma kuteleza kwenye meno ya shafti. Gia zote zinakataa, rivasi ndiyo haisogelewi. Mara nyingine hupona kwa kuwasha injini hadi ipate moto, kisha kuizima, kuingiza gia ya kwanza, klachi chini, na kuiwasha ikiwa ndani ya gia. Fanya hivyo mahali pa wazi tu, mbele pakiwa hapana mtu wala ukuta, maana gari itaruka. Isipoachia baada ya mara mbili tatu, acha, ishushwe isafishwe.

Ukimaliza yote hayo na klachi bado haikati, ndipo unafikiria uma uliopinda, vidole vya presha pleti vilivyovunjika, au pailoti beringi iliyojifunga na kuiburuza shafti. Hayo yote ni ya ndani.

Rivasi peke yake

Giaboksi nyingi hazina sinkronaiza kwenye rivasi. Dereva akitoka mbele, hajasimama vizuri, akasukuma rivasi, itakwaruza hata kwenye gari mpya. Simamisha gari kabisa, kanyaga klachi, hesabu hadi tano, kisha weka. Ikiingia kimya, gari yako ni nzima na haraka ndiyo yenye kosa. Ikiendelea kukwaruza baada ya sekunde tano, weka gia ya kwanza kwanza halafu urudi rivasi. Kama hata hapo inalia, rudi kwenye sehemu iliyotangulia: klachi haikati. Rivasi ni shahidi mzuri wa klachi kwa sababu haina wa kuifichia.

Gia moja tu inakwaruza

Sasa tumeingia giaboksi yenyewe. Ikiwa ya kwanza, ya tatu, ya nne na ya tano zinaingia vizuri na ya pili peke yake inalia, klachi haihusiki. Klachi haichagui gia. Pete ya sinkronaiza ya gia hiyo imelika.

Mara nyingi huwa ya pili au ya tatu. Hizo ndizo zinazochapwa kutwa: mjini kwenye kila kituo, na kwenye mteremko wa Newala pale dereva anapotoka ya nne na kuisukumia ya pili kwa nguvu ili injini ishike gari. Kazi yote ya kupunguza tofauti hiyo ya kasi inaangukia pete nyembamba ya shaba.

Jaribio lake ni dabo klachi, ile wazee wa malori ya zamani walioijua kabla ya sisi. Ukishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili: kanyaga klachi, toa gia uweke fri, achia klachi, gusa moto kidogo, kanyaga tena klachi, ingiza ya pili. Ikiingia kimya kwa njia hiyo na kukwaruza kwa njia ya kawaida, hukumu imetimia: sinkronaiza. Kwa kufanya dabo klachi wewe mwenyewe umefanya kazi ambayo pete imeshindwa kufanya.

Habari njema ni kwamba gari ya hivyo haijafa. Nawajua madereva waliotembea mwaka mzima kwa dabo klachi wakikusanya hela ya matengenezo. Usikubali tu kuisukuma ikwaruze kila siku, maana krrr ile inakula ncha za meno yanayofunga gia. Yakishakuwa butu, gia itaanza kuruka yenyewe kutoka, hasa ukiachia moto kwenye mteremko, na hapo hubadilishi pete peke yake bali gia nzima na pete kubwa inayoteleza. Tofauti ya bei ni kubwa.

Gia inayoruka ina sababu nyingine pia ambazo ni nafuu, na zichunguzwe kwanza. Maunti ya injini au ya giaboksi iliyokatika huruhusu mashine yote kurudi nyuma ukikanyaga moto na kuvuta liva. Bushi za rodi au kebo za gia zikiisha, gia haiingii hadi mwisho, inashika kwa ncha tu. Mwambie mtu akae garini apeleke liva huku na huku, wewe uko chini na tochi: kama liva inatembea sana na mkono wa giaboksi unatembea kidogo, umepata. Bushi ni vipande vidogo vya plastiki au mpira.

Mtu akikuambia gia inakwaruza asubuhi tu kwa sababu ya baridi, muulize oili gani imewekwa. Mtwara na Lindi hakuna baridi ya kugandisha oili sahihi. Kama asubuhi gia ni nzito, uwezekano mkubwa ni kwamba mtu ametia oili nzito ya difu ya lori ili kuficha kelele.

Gia imeshaingia vizuri, lakini inaunguruma ikiwa kazini

Ikilia kwenye gia moja tu wakati gari inatembea, na kwenye nyingine iko kimya, meno ya gia hiyo au beringi yake ina shida. Kugonga kwa mpigo unaojirudia, tak-tak-tak unaofuata mwendo, kunaashiria jino lililovunjika, na gari ya namna hiyo isiendeshwe, kwa sababu kipande cha chuma kinachotembea ndani kinaweza kupasua nyumba ya giaboksi.

Kwa gari zenye propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma, kama Hiace na Hilux, kuna jambo ambalo limenisaidia mara nyingi. Kwenye giaboksi nyingi za gia tano za gari hizo, ya nne ni ya moja kwa moja: nguvu inapita kutoka shafti ya kuingilia hadi ya kutokea bila kupitia shafti ya chini. Kwa hiyo kama inaunguruma kwenye ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, lakini ukiweka ya nne inatulia, beringi za shafti ya chini ndizo zimechoka. Kwa gari za kuvuta mbele jaribio hili halifai, mpangilio wake ni mwingine.

Sauti inayofuata magurudumu

Hapa ndipo giaboksi zisizo na hatia hushushwa. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, tambarare, kisicho na magari. Fika kilomita 60 kwa saa, kanyaga klachi, weka fri, achia klachi, injini ibaki ikiwaka kwenye silensa. Usizime injini kamwe ukiwa kwenye mwendo. Breki zitakuwa ngumu na usukani unaweza kujifunga. Sasa gari inateleza yenyewe. Sauti ikiendelea vile vile na kupungua taratibu kadiri mwendo unavyopungua, haitoki kwenye klachi wala kwenye gia ulizokuwa unazishuku. Inatoka kwenye shafti ya kutokea, senta beringi ya propela, krosi, difu, au beringi za magurudumu.

Yumbisha usukani kidogo kushoto na kulia. Sauti ikikua upande mmoja na kupungua upande mwingine, ni beringi ya gurudumu. Kwa kawaida ukikata kushoto mzigo unaenda kulia, na beringi ya kulia ndiyo italia zaidi. Kama sauti inabadilika ukikanyaga moto na ukiachia, angalia difu. Senta beringi unaishika kwa mkono: gari ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa kwa mawe, ingia chini, tikisa propela juu na chini pale katikati.

Na kabla ya hayo yote, kwa waliotoka barabara za changarawe, vua gurudumu la mbele uangalie bati jembamba nyuma ya diski ya breki. Kokoto moja ikinasa hapo husaga chuma kwa kelele ya kutisha kiasi kwamba mtu huona gari imekufa. Bisibisi inaitoa kwa dakika moja.

Oili inasema kuliko liva

Chini ya giaboksi kuna nati mbili: ya kumwagia iko chini, ya kujazia iko ubavuni. Fungua ya kujazia kwanza. Daima. Ukimwaga oili yote halafu ukakuta nati ya juu imeshikwa na kutu haifunguki, gari yako haitembei tena. Gari ikiwa sawasawa na ardhi, oili inatakiwa ifike mdomo wa chini wa tundu la kujazia. Ingiza kidole uiguse.

Mwaga kwenye beseni safi jeupe, uisome. Ute wa kijivu laini kwenye sumaku ya nati ni wa kawaida kwa gari iliyotembea. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole siyo vya kawaida: ni meno au beringi. Chembe za kumeta rangi ya dhahabu ni shaba ya pete za sinkronaiza. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji.

Maji nataka niyazungumzie, kwa sababu huku tunayapata. Giaboksi ina kipumulio juu yake. Ikiwa ya moto na ukaitumbukiza kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia kipumulio na kando ya sili. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika maeneo ya Somanga, kulikuwa na gari zilizopita kwenye maji kila mahali. Gari iliyozama hadi kwenye ekseli imwagwe oili ya giaboksi na ya difu haraka iwezekanavyo, hata kama haijaanza kulia. Beringi ikishapata kutu, kuunguruma kutaanza wiki kadhaa baadaye, na hakuna atakayekumbuka maji. Wakati huo huo zibua kipumulio. Matope yakikiziba, hewa ya moto hutafuta njia kwenye sili na oili huanza kuvuja.

Kuhusu aina ya oili, fuata kitabu cha gari na siyo mdomo wa muuzaji. Kopo litaandikwa GL-4 au GL-5, ambavyo ni viwango vya oili za gia. GL-5 ina salfa na fosforasi nyingi zaidi kwa ajili ya mzigo mkubwa wa difu. Kwenye giaboksi iliyotengenezwa kwa GL-4, baadhi ya GL-5 hushambulia shaba ya pete, na utelezi wake huzifanya pete zishindwe kusugua, gia zikakwaruza ingawa hakuna kilicholika. Zipo gari zinazokubali zote mbili, zipo zinazotaka oili nyepesi ya giaboksi otomatiki hata kama ni za gia za mkono. Ukiona gia zimeanza kulia muda mfupi baada ya kubadilishiwa oili, kosa liko ndani ya kopo. Mwaga, weka sahihi, tembea siku mbili tatu kabla ya kuamua lingine. Gari nyingi huchukua lita 2 hivi hadi 3, na kuibadilisha kila kilomita 40,000 au 50,000 ni bei rahisi mno ukilinganisha na karatasi ya yule dereva wa Hiace.

Ikilazimika kushuka

Basi umepima, na jibu ni kushusha. Mwambie fundi majibu ya majaribio yako: mguu, mwendo, gia. Kaa uone inafunguliwa, au mtume mtu unayemwamini. Omba uoneshwe kipande kilichoharibika kabla hakijabadilishwa, na ukipewa giaboksi ya mtumba, fungua nati yake ya chini uiangalie sumaku kabla hujalipa. Wakati giaboksi iko chini, angalia sili ya nyuma ya injini na sili ya mbele ya giaboksi. Zikivuja hata kidogo zibadilishwe hapo hapo, kwa sababu oili itakayodondokea klachi pleti mpya itaifanya iteleze. Pitisha mkono kwenye uso wa flaiwili kutafuta mifereji na madoa ya bluu ya kuungua. Yakiwepo, ipelekwe ikasawazishwe kwanza, hata kama mwenye gari anapiga simu kila nusu saa akitaka ipande leo.